Clemens Denhardt: Mjerumani aliyechora ramani ya Tana ya chini

Ukisimama Garsen leo na simu mkononi, Mto Tana unauona wote kwenye kioo, kona kwa kona, hadi Kipini unakoingia baharini. Miaka 150 iliyopita Ulaya haikuwa na picha kamili ya mto huu. Mmoja wa waliowachorea ni Clemens Denhardt, na maisha yake yana funzo kwetu.

Denhardt alizaliwa Ujerumani mwaka 1852. Mwaka 1878 alifika pwani yetu pamoja na mdogo wake Gustav na daktari Gustav Fischer, aliyekuwa akiishi Zanzibar. Walipanda Tana hadi Massa, huku wakipima na kuandika. Lakini walioujua mto huo ni Wapokomo, wenye mitumbwi na mashamba kando yake, na Waorma waliokuwa wakinywesha ng'ombe humo.

Denhardt alikuwa hodari wa kuuliza. Aliwahoji watu wa misafara ya pwani kuhusu njia za bara, umbali, visima na makabila, kisha akayachapisha majibu yao Ujerumani mwaka 1881. Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1870 mmishonari Mwingereza wa Ribe, Thomas Wakefield, alichapisha London njia za misafara alizosimuliwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi. Maarifa ya Waswahili yalivuka bahari na kuwa mali ya vyama vya jiografia vya London na Berlin. Na vyama hivyo vilisomeana na kunakiliana ramani, hata pale serikali zao zilipokuwa zikigombea ardhi.

Mwaka 1884 ramani ya Tana ya chini ya akina Denhardt ilichapishwa Berlin. Katika mji huohuo, mwishoni mwa mwaka huo, mataifa ya Ulaya yalianza mkutano wao kuhusu Afrika.

Mwaka uliofuata Denhardt alirudi, safari hii akitafuta ardhi. Alikwenda kwa Sultani Ahmed wa Witu, maarufu kama Simba, ukoo wa Nabahani wa Pate. Simba alikuwa akisumbuliwa na Sultani wa Zanzibar na alitaka rafiki mwenye nguvu. Aprili 1885 aliwapa akina Denhardt sehemu ya nchi yake, na Mei 27 Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mipaka. Eneo la Waingereza likaishia Mto Tana, na ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar ukaishia Kipini. Mto ambao Wapokomo walilima kingo zake zote mbili ukageuka mpaka wa mataifa.

Haikudumu. Julai 1, 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, katika mkataba ulioipa kisiwa cha Heligoland. Miezi michache baadaye Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na Oktoba jeshi la wanamaji la Uingereza likauteketeza mji huo. Denhardt aliachwa mikono mitupu. Alidai fidia kwa serikali yake miaka mingi, na akafariki kwao mwishoni mwa miaka ya 1920.

Mto nao haukuisubiri ramani. Zamani Tana ilikuwa na mdomo wake peke yake, kusini ya Kipini. Mfereji wa Belezoni uliochimbwa kuiunganisha na Mto Ozi ukavuta maji, na mkondo mkuu ukahamia huko.

Leo ramani zinatengenezwa kwa setilaiti, na nchi zinashirikiana waziwazi. Kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kipo Nairobi tangu 1975 na kinahudumia mataifa mengi ya Afrika. Ushirikiano huo ni jambo jema, kwa kuwa mafuriko na ukame havijui mpaka. Lakini setilaiti huona maji, majani na paa za nyumba. Haioni malka, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, wala makubaliano ya mkulima na mfugaji kuhusu lini ipitwe. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, na ugomvi wa malisho, maji na mashamba ulikuwa ndani yake.

Kwa hiyo kila data ya Tana inapokusanywa, wazee wa Ngao, Golbanti na vijiji vya Waorma waulizwe, majina yao yaandikwe, na ramani iliyokamilika irudishwe kwao waikague. Watu wa wakati wa Denhardt walitoa maarifa yao wasijue yanakwenda wapi. Sisi tunajua, na hatuna sababu ya kunyamaza.