Domokos, mfalme wa gurudumu moja

Safari ya Nairobi hadi Namanga kupitia Bisil huchosha hata kwa magurudumu mawili. Marehemu Doug Domokos, Mmarekani aliyejipatia riziki kwa maonyesho ya pikipiki, alikwenda mbali zaidi kwa gurudumu la nyuma pekee: kilomita 233 bila kulishusha la mbele, Juni 1984, katika uwanja wa Talladega, Alabama.

Fundi wa bodaboda anajua kwamba sproketi ya nyuma ikiongezwa meno, pikipiki huinuka upesi, ingawa kasi yake ya juu hupungua. Lakini kuinuka si kazi. Kazi ni kubaki juu, mkono ukipima mafuta, mguu ukigusa breki ya nyuma. Ukichelewa kidogo, unaanguka chali.

Domokos alifariki dunia mwaka 2000, katika ajali ya ndege ndogo.