Beryl Markham na Farasi Mwenye Miguu Mibovu

Wengi humjua Beryl Markham kwa urubani: mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake, toka Uingereza hadi Kanada. Mimi nampendea farasi.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Njoro angali mtoto. Ukame ulipomfilisi babake, mzee alienda Peru. Binti akabaki, akapata leseni ya kufunza farasi wa mashindano.

Katika kitabu chake West with the Night (1942), anasimulia pigo alilopata. Wiki chache kabla ya mbio za St Leger za Nairobi, mwaka 1926, mwenye farasi Wrack alimnyang'anya farasi huyo, eti msichana hataweza. Akaletewa Wise Child, farasi jike aliyeharibika kano za miguu. Jamani! Yeye na arap Ruta, rafiki wa utotoni, hawakukata tamaa. Waliikanda miguu ile, wakamfunza polepole. Siku ya mbio Wise Child akamshinda Wrack. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.

Beryl alifariki Nairobi mwaka 1986. Nasi wasichana tunaoambiwa hatuwezi, tumkumbuke.