Karoli Lwanga alipoachiwa nafasi ya mkuu wake



Mwaka jana nilipandishwa cheo kazini, nikawa msimamizi wa watu tisa. Wengine ni umri wa mama yangu. Kwenye vikao sauti ilikuwa inatetemeka mpaka naona aibu. Nikasema basi, cheo chenyewe nakirudisha. Jioni moja nikasoma tena maisha ya Karoli Lwanga, somo wa jumuiya yetu.

Karoli alikuwa kijana wa miaka kama 25, mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Mkuu wake, Yosefu Mukasa Balikuddembe, ndiye aliyewalea kiimani vijana wa pale. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa akauawa, baada ya kumkemea Kabaka kwa kumwua askofu Mwanglikana, Hannington. Ghafla mzigo wa vijana wale ukamwangukia Karoli. Na yeye mwenyewe alikuwa bado hajabatizwa!

Angeweza kusema hayuko tayari. Lakini siku ileile alikwenda kwa wamisionari, akaomba ubatizo, akaupata. Alichopungukiwa alikitafuta kwanza, kisha akarudi kazini kwake. Miezi iliyofuata aliwafundisha vijana na kuwakinga na matakwa machafu ya Kabaka, akijua fika hatari yake.

Mei 1886 hasira ya Kabaka ikalipuka. Usiku, kule Munyonyo, Karoli akawabatiza wakatekumeni waliokuwa chini yake, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Kulipokucha, Wakristo walipotakiwa kujitokeza, yeye alitangulia. Tarehe 3 Juni alichomwa moto Namugongo, akitengwa na wenzake. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu, yeye na wenzake 21.

Mimi nilikuwa nasubiri nijiamini kwanza ndiyo niongoze. Karoli hakusubiri. Aliwaangalia waliokabidhiwa kwake, akamwegemea Mungu, ujasiri ukaja njiani.

Kesho yake nikamfuata mama mmoja pale kazini, nikamwomba anifundishe hesabu za stoo, ambazo siku zote nilikuwa najifanya nazijua. Alinifundisha vizuri tu, wala hakunicheka. Sauti bado inatetemeka kidogo, ila cheo sijakirudisha.

Na wewe uliyepewa watu wa kuwaongoza, ni kitu gani unaona aibu kukiomba?

Mtakatifu Karoli Lwanga, utuombee.