Tom Mboya na wale waliomfanya kiongozi

Mwenye kufika Rusinga, kisiwa kilichomo katika Kaunti ya Homa Bay, ataonyeshwa kaburi la Thomas Joseph Mboya, na huenda akaambiwa kwamba hapo amelala mtu aliyezaliwa kiongozi. Usemi huo husikika pia madarasani, kutoka Mbita hadi Rongo na Awendo, kila somo la historia linapofikia harakati za kupigania uhuru. Ni usemi wa heshima, lakini nauona kuwa na hasara. Unamfundisha mwanafunzi kwamba uongozi ni kama kimo cha mwili: aliyejaliwa amejaliwa, na aliyenyimwa kazi yake ni kufuata tu. Maisha ya Mboya mwenyewe yanaupinga.

Lugha zetu zina busara katika jambo hili. Neno kiongozi, kabla ya kutwaliwa na siasa, lilitumika kwa mtu aliyetangulia msafara akiwaonyesha wenzake njia. Katika Kijaluo, jatelo ni yule atanguliaye. Maneno yote mawili yanadai kuwako kwa watu wengine nyuma, kwani atanguliaye peke yake ni msafiri tu. Uongozi basi ni jambo la pande mbili. Mmoja hujitokeza, wengine humkubali. Na kwa kumkubali, wao nao hujipatia sura mpya, sura ya wafuasi.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, si Rusinga kwa wazazi wake, bali Kilima Mbogo karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Hakutoka katika ukoo wa watawala. Alisoma Kabaa katika Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u, ambako karo ilimshinda akaondoka mwaka 1947. Mwaka uliofuata akaingia chuo cha mafunzo ya mabwana afya, na huko wanafunzi wenzake wakamchagua kuliongoza baraza lao. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunapoona kundi likimpa nafasi ya kutangulia.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi ya mkaguzi Mwafrika ilikuwa ile ile ya mkaguzi Mzungu, ila mshahara ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mwenzake. Siku moja, akipima maziwa katika maabara, aliingia mwanamke wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu, ilhali Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Mboya naye akamwuliza iwapo macho yake yalikuwa na kasoro. Dharau ya namna hiyo iliwapata wafanyakazi wengi, na aliyeijibu mbele ya mwenye kuitoa alisikika haraka miongoni mwa wenzake. Walimchagua kukiongoza chama chao, nacho kikakua kikawa chama kamili cha wafanyakazi wa mabaraza.

Wakati huo Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, Oktoba 1952. Mwaka 1953 chama cha KAU kilipigwa marufuku, na viongozi wengi walikuwa kizuizini. Mwafrika aliyetaka kusema alibaki na jukwaa la vyama vya wafanyakazi. Mwaka huo huo Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, akiwa na umri wa miaka 23. Kipawa alikuwa nacho, hilo sikatai. Lakini nafasi aliyoijaza ilitayarishwa na haja ya watu waliohitaji msemaji.

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma. Mboya hakuwa kuli wala mtu wa pwani. Alikwenda akawasihi warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa. Anayewaambia waliogoma warudi kazini anauweka uongozi wake rehani. Wangeweza kumzomea akarudi Nairobi bila jina. Walimkubali, wakarudi, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Tangu siku hiyo waliomfuata walikuwa na sababu ya kumfuata tena, naye alikuwa na deni kwao.

Baada ya masomo ya Ruskin College, Oxford, alichaguliwa mwaka 1957 kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa niaba ya Nairobi. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikawapeleka wanafunzi 81 Marekani katika mpango alioupigania. Mwaka 1961 alishinda kwa kura nyingi mno katika Nairobi Mashariki, ingawa wapiga kura wengi huko hawakuwa wa kabila lake. Walimpigia kura kama wafanyakazi, wapangaji na wazazi.

Hata hivyo, kilichotolewa na watu huweza pia kubadilishwa na cheo. Mboya akawa Waziri wa Kazi mwaka 1962, baadaye Waziri wa Sheria, kisha wa Mipango ya Uchumi. Mwaka 1965 serikali aliyoitumikia ilivunja mashirikisho ya wafanyakazi yaliyokuwako, ikaunda COTU, na Rais akapewa uwezo wa kumteua katibu mkuu kutoka miongoni mwa waliopendekezwa. Njia iliyompandisha Mboya, ile ya kukubaliwa na walio chini, sasa ilikuwa na mlango unaofunguliwa kutoka juu. Ni jambo la kusikitisha katika maisha yake, na mwalimu asilifiche.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi katika Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Kifo hicho kilileta jambo ambalo hakuwa ameliishi. Mtu aliyekubaliwa na makuli wa Mombasa na wapangaji wa Nairobi alililiwa sasa kama mwana wa kabila moja lililodhulumiwa. Hasira iliyofuata ilimwelekea Rais, ikafikia umwagaji damu Kisumu mwezi wa Oktoba, na chama cha KPU kikapigwa marufuku. Marehemu hakuwa na kauli tena. Sura yake iliundwa upya na waliobaki, ikawa finyu kuliko alivyokuwa.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo kwa walimu na wanafunzi. Ikiwa uongozi hutolewa na wafuasi, basi wafuasi wana hatia na sifa katika kila uongozi. Mwanafunzi wa Migori anayempigia kura kiranja kwa kuwa wanatoka kijiji kimoja anajifunza ufuasi wa aina fulani, na ataubeba hadi kwenye uchaguzi mkuu. Mwalimu anayemteua kiranja ofisini, kisha akalitangazia darasa kwamba limechagua, anafundisha pia, ingawa hakuandika somo ubaoni.

Tumwenzi Mboya, lakini tuwaenzi pia wale makuli waliomsikiliza wakiwa na hiari ya kumkataa. Wao hawakumwuliza ametoka wapi; walitazama atawafikisha wapi. Shule zetu zikiwafundisha watoto kufuata hivyo, viongozi hatutawakosa.