Sayyidna Umar (R.A.) na Shauri la Sargh

Ndugu msomaji, ukitaja jina la Umar bin Khattab (R.A.) wengi hukumbuka ukali na ushujaa wake. Lakini simba huyu alikuwa na tabia moja ambayo sisi vijana tumeisahau: alikuwa hafanyi jambo kubwa mpaka aulize kwanza.

Alishika ukhalifa mwaka wa 13 Hijria (634 Miladia), na kwa miaka kumi dola ya Kiislamu ilipanuka hadi Iraq, Sham na Misri. Mali ilipomiminika Madina na asijue aigawe vipi, aliwakusanya watu akataka maoni yao. Mmoja wao alikuwa amefika Sham na kuona watawala wa huko wakiandika majina ya askari katika daftari. Umar akalichukua shauri hilo, na ndiyo ikawa diwani. Na imepokewa kwamba alipotaka kujua mke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe aliye vitani, hakukisia. Alikwenda kumuuliza binti yake, Bi Hafsa (R.A.), kisha akawawekea askari muda wa kurudi nyumbani.

Siku iliyomjaribu zaidi ni ile aliyokuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh, mpakani mwa Hijaz na Sham, alipokewa na makamanda wake, Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.) akiwemo, wakamwambia kwamba tauni imeingia Sham. Basi afanye nini? Aendelee au arudi? Maisha ya Masahaba wote aliofuatana nao yalikuwa mikononi mwake.

Alimtuma Ibn Abbas (R.A.) awaite Muhajirina wa mwanzo. Wakahitilafiana: wengine wakasema ametoka kwa jambo maalumu na haifai kurudi, wengine wakasema asiwaingize watu kwenye maradhi. Akawaita Ansari, nao vilevile. Mtu mwingine angechoka hapo akakata shauri peke yake. Umar akaagiza waitwe wazee wa Kikureshi, wale waliohama wakati wa kufunguliwa Makka. Hawa walikuwa nyuma ya wenzao katika kuingia Uislamu, lakini walikuwa watu wazima walioona mengi. Wao hawakuhitilafiana hata wawili: rudi na watu wako.

Umar akatangaza kwamba asubuhi wanageuka. Abu Ubayda hakuridhika, akauliza kama huko si kuikimbia kadari ya Allah. Umar, ambaye hakupenda kumpinga, alimjibu kuwa wanatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mchunga ngamia kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Popote atakapolisha, ni kwa kadari ya Allah.

Wakiwa katika hali hiyo akatokea Abdurrahman bin Awf (R.A.), ambaye alikuwa ameondoka kwa haja zake. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na jibu! Alikuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akifundisha kwamba tauni ikiwa katika nchi watu wasiiingie, na ikiwakuta humo wasitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akaondoka. Hebu fikiri, lau angeamua kwa haraka na kusonga mbele kabla ya mtu huyo kurudi, ingekuwaje?

Tauni hiyo, iitwayo ya Amwas, ya mwaka wa 18 Hijria (639 Miladia), iliua maelfu ya watu. Wanahistoria hutaja 25,000. Umar alijaribu kumwita Abu Ubayda atoke huko, lakini alielewa makusudio, akaomba udhuru abaki na askari wake. Akafa huko, na baada yake Muadh bin Jabal (R.A.).

Hata alipochomwa kisu katika sala ya alfajiri mwaka wa 23 Hijria (644 Miladia), Umar hakumchagua mrithi peke yake. Aliwaachia jambo hilo Masahaba sita washauriane.

Sasa tujiangalie. Kijana anauza kiwanja cha urithi aanze biashara, na hajakaa hata siku moja na mtu aliyewahi kuifanya ikamtupa. Mwingine anatia sahihi mkataba wa kazi ya Ghuba bila kumuuliza aliyerudi kutoka huko. Mwingine anaposa bila kuuliza tabia. Halafu yakiharibika tunasema ni kadari. Kuswali istikhara ni jambo jema, lakini Umar, pamoja na ucha Mungu wake, aliuliza makundi matatu. Tena tusiwaulize tu marafiki wa rika letu watakaotukubalia. Baada ya tarawehe, wazee wapo hapo msikitini, na akina mama wapo nyumbani. Wameoa na kuolewa, wamefanya biashara, wamepata na wamepoteza. Kaa nao, uliza, na jibu lisipokupendeza usiondoke. Uliza na mwingine.

Allah atuongoze katika maamuzi yetu na azitakabali funga zetu. Amin.