Khabari za Emin Pasha, Liwali wa Ikweta

Njia ya zamani ya misafara itokayo pwani kwenda Ugogo ilipita Mpwapwa, katika nchi ya Dodoma. Hapo alipita Emin Pasha mwezi wa Novemba 1889, akitoka katika jimbo alilopewa kulitawala, nalo limekwisha kumponyoka.

Alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, katika dola ya Prussia, kwa jina Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, naye akabatizwa utotoni. Alisoma utabibu, akaitumikia daula ya Uthmani, akajiita Emin na kuishi kwa dhahiri ya Uislamu. Ya moyoni mwake ayajuaye ni Mola wake, nasi hatuhukumu illa kwa dhahiri.

Mwaka 1876 alifika Lado, kando ya Nile, akawa tabibu chini ya Gordon. Na mwaka 1878 serikali ya Misri ikampa uliwali wa jimbo lote la Ikweta. Aliikuta hazina ina hasara, na kwa miaka michache akaigeuza ikawa na ziada.

Kisha Mahdi akainuka Sudani, na Januari 1885 Khartoum ikaanguka. Barua zikakatika, mishahara ikakoma, nguo zikaisha, hatta askari wakavaa pamba waliyoilima na kuifuma wenyewe. Emin akahamia Wadelai, kusini. Stanley alipowasili mwaka 1888 na waraka wa Khedive, wengi hawakuusadiki: kwao njia ya Misri ni kushuka na mto, seuze kuambiwa waelekee Zanzibar! Mimi siwalaumu sana, maana waliapa kumtii bwana aliye Misri. Agosti mwaka ule wakaasi, wakamfunga liwali wao Dufile.

Alipofika Mpwapwa alikuta ngome ya Wadachi. Bagamoyo, usiku wa karamu ya kumpokea, akaanguka dirishani orofani, akavunjika fuvu la kichwa. Alipopona akaingia katika utumishi wa Wadachi. Mwaka 1890 akapanda tena kwa Mpwapwa na Tabora, akaweka boma Bukoba. Oktoba 1892 akauawa katika misitu ya Kongo, kwa amri ya Kibonge.

Na wale askari waliobaki nyuma na Selim Bey, Lugard aliwachukua mwaka 1891 akawaingiza Uganda. Wajukuu wao ni Wanubi wa Bombo, nao wangali Waislamu.