WILLIS CARRIER: BABA WA KIYOYOZI

Ndugu msomaji, mkaazi wa Kisumu haambiwi joto ni nini. Mchana wa Februari mabati ya Nyalenda na Manyatta huchemka, na usiku shati hung'ang'ania mgongoni kwa ule unyevu wa ziwani. Siku hizi wenye uwezo wananunua viyoyozi. Lakini je, ni wangapi wetu tunaomjua aliyevianzisha? Maisha ya Willis Carrier yana funzo kwa kila mtu anayetaka kupoza nyumba yake.

Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876 huko Angola. Si ile nchi ya Afrika, la! Ni kijiji cha jimbo la New York, Marekani, karibu na Ziwa Erie. Basi naye alikuwa mtoto wa ziwani kama sisi. Hesabu za sehemu zilipomshinda, mamake alimfanya akate matufaha nusu, robo na thumni mpaka zikamwingia. Mama huyo alifariki Carrier akiwa na miaka 11 tu, lakini ile tabia ya kukata tatizo kubwa vipande vidogo haikumtoka.

Karo ilikuwa taabu. Alisoma Chuo Kikuu cha Cornell kwa ufadhili, huku akikata nyasi na kuchochea moto katika nyumba za watu ili apate riziki. Alihitimu uhandisi mwaka wa 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu. Kampuni ya Buffalo Forge ikamwajiri kwa dola 10 kwa wiki.

Mwaka wa 1902 kiwanda kimoja cha kupiga chapa mjini Brooklyn kilikuwa mashakani. Unyevu ulipobadilika, karatasi zilitanuka au kunywea, na rangi hazikuangukia mahali pake. Kumbe adui hakuwa joto peke yake, bali pia maji yaliyomo hewani! Carrier akachora mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba baridi. Maji yalidondoka kama jasho la chupa ya soda, na hewa ikatoka kavu na baridi. Michoro hiyo ni ya tarehe 17 Julai 1902.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, kampuni ilifunga idara yake. Carrier hakufa moyo. Mwaka wa 1915, yeye na wahandisi wenzake sita walichanga dola 32,600 wakaanzisha kampuni yao. Mwaka wa 1925 walipoza jumba la sinema la Rivoli, New York. Watazamaji waliingia wakijipepea, na baada ya muda mikono ikatulia. Carrier aliaga dunia tarehe 7 Oktoba 1950, kabla viyoyozi havijaenea majumbani.

Mitambo yake ilikuwa mikubwa, mmoja ukipoza jengo zima kwa njia ya mifereji ya hewa. Vile vidogo vya magurudumu vilikuja baadaye. Sasa swali ni hili: mtambo mkuu ukizeeka, tuurekebishe ama tununue hicho kidogo?

Kumbuka kwamba kiyoyozi hakiui joto. Hulihamisha tu. Kile cha magurudumu hutupa joto nje kwa mpira unaopitia dirishani. Ukikiweka pembeni bila kutoa mpira nje, chumba kitazidi kuwa moto na stima utailipia! Tena, chenye mpira mmoja huvuta hewa ya chumbani na kuitoa nje, kwa hivyo hewa moto huingia chini ya mlango kujaza nafasi. Injini yake nayo hunguruma karibu na kitanda. Mtambo mkuu hauna taabu hizo, lakini mifereji yake ikitoboka chini ya mabati, utapoza panya wa darini, na chujio likiziba, hewa haitapita.

Kwa maoni yangu, anayetaka kupoza chumba kimoja cha kulala anunue kidogo, azibe dirisha vizuri na afanye mpira uwe mfupi. Mwenye nyumba nzima asafishe chujio na azibe mifereji kwanza kabla ya kutupa mtambo. Sisi wengine, ambao ndio wengi, tuweke dari chini ya mabati, tupande miti na tufungue madirisha yanayoelekeana ili upepo wa ziwa upite. Joto tunalolitupa nje humwendea jirani, na jirani huyo huenda hana hata feni.

Wanachama wenzangu, Carrier hakukimbilia kununua mashine kubwa. Aliuliza kwanza taabu yenyewe ni nini. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.